Tunapovivika Vitu Utu

Msemaji wa Kiswahili akisema, "Kifaru amepita," kila amsikiaye huelewa kuwa mnyama mwenye pembe puani amepita porini. Akisema, "Kifaru kimepita," mawazo yote hugeuka: kilichopita sasa ni gari la vita, chuma kitupu kilichobeba mzinga. Jina ni lile lile, na sauti zote ni zile zile ila kiambishi kimoja cha kitenzi. Lakini kiambishi hicho kidogo kimebeba hukumu kubwa. Kinaamua nani ana pumzi na nini hakina. Nani atahesabiwa kuwa mwenzetu katika uhai na nini kitatumiwa kisha kitupwe.

Hukumu hiyo lugha yetu iliitoa zamani, kabla ya mwalimu yeyote wa sarufi kuiandika ubaoni. Samaki, ndege, mdudu, kiboko na chui, ijapokuwa majina yao yametawanyika katika ngeli mbalimbali, wote huvutwa kwenye upatanisho ule ule apewao mtu: amekula, amelala, amekufa. Mti nao hukua na kufa, lakini haukupewa heshima hiyo, mti umekauka. Hata hivyo mpaka huu una mahali penye ukungu. Kuhusu maiti, wako wasemao "maiti amezikwa" na wako wasemao "maiti imezikwa". Kuhusu mizimu, wengine husema imekasirika na wengine husema wamekasirika. Hapo sarufi inasita kwa kuwa binadamu mwenyewe anasita: hana yakini kama aliyefariki bado ni mtu au amekwisha kuwa kitu.

Yafaa pia tukumbuke kuwa mtu na kitu ni ndugu wa mzizi mmoja. Mzizi huo ukitanguliwa na kiambishi hiki unapata mtu, ukitanguliwa na kile unapata kitu, na kingine huleta jitu. Katika mzizi huo huo yametoka maneno tunayoyaenzi kuliko mengi katika utamaduni wetu: utu, yaani zile sifa zimfanyazo mtu astahili jina lake. Basi tunapovivika vitu, wanyama au miungu sifa za watu, tunashika mali yenye thamani kubwa na kuigawa. Wataalamu wa fasihi huliita tendo hilo tashihisi, na katika madarasa yetu huhesabiwa kuwa pambo mojawapo la usemi. Nia ya insha hii ni kulitazama kama tendo la kimaadili, na kuuliza swali ambalo kwa kawaida halimo katika mitihani: utu huu unapogawiwa, nani hufaidika na nani hudhulumika?

Kwanza tukubali kuwa hakuna binadamu aliyeepukana na tabia hii. Chupa ina shingo na mdomo, msumeno una meno, moto una ndimi, mto una mkono, gazeti lina kichwa cha habari. Meza ina miguu, na saraka yake huitwa mtoto wa meza. Mafundi wa Lamu waliichonga jahazi jicho katika kila ubavu wa omo, na chombo kikaingia baharini kikitazama njia. Tukiyakataza maneno hayo yote, fundi hataweza kumwelekeza mwanafunzi wake wala nahodha hataweza kumwagiza baharia. Mwili wetu ndio kitu cha kwanza tulichokijua, na kwa kipimo hicho tumevipa majina vingine vyote.

Wataalamu wa saikolojia nao wameliona jambo hili katika majaribio. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel, waliokuwa Marekani, walichapisha taarifa ya jaribio lao la filamu fupi iliyoonyesha maumbo matupu yakitembea: pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara. Walipowauliza watazamaji wameona nini, karibu wote walisimulia kisa. Walisema pembetatu kubwa ni mkorofi na mwonevu, ndogo ni shujaa, na duara ina hofu. Hapakuwa na uso wala sauti. Palikuwa na mistari tu iliyosogea. Akili ya binadamu ilikwisha kujaza nia, chuki na huruma. Hii ndiyo akili iliyomwezesha mtu kumtambua mwenziwe kuwa ana moyo kama wake. Asiyeweza kamwe kuona nia mahali isipoonekana kwa macho hataweza pia kuona uchungu wa jirani yake. Kwa hiyo wale wanaodhani kuwa tashihisi ni utoto ambao elimu ya sayansi itaufuta wanadhani vibaya. Elimu inaweza kuiongoza, haiwezi kuiondoa.

Swali zito kuliko yote katika jambo hili limewashughulisha wanadamu tangu kale, nalo ni swali la kumpa Mungu sura yetu. Xenophanes wa Colophon, mshairi na mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, aliona kuwa watu weusi wa kusini ya Misri waliwasawiri miungu wao kuwa weusi, na watu wa Thrakia wakawasawiri wao kuwa na macho ya buluu na nywele nyekundu. Akaongeza kwa dhihaka kuwa ng'ombe na farasi, lau wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangechora miungu wenye umbo la ng'ombe na farasi. Karne nyingi baadaye wanazuoni wa Kiislamu walijadiliana vikali juu ya mkono na kiti cha enzi vitajwavyo kuhusu Mwenyezi Mungu: wako waliovifasiri kuwa ni mafumbo, na wako waliovikubali kama vilivyo bila kuuliza vikoje, lakini pande zote mbili ziliogopa tashbihi, yaani kumfananisha Muumba na viumbe vyake. Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alifanya kazi kubwa ya kuonyesha kuwa maneno ya viungo vya mwili yakihusu Mungu hayachukuliwi kwa maana yake ya dhahiri.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mambo hayakuwa mepesi kama wageni wengi walivyodhani walipoandika kuwa Mwafrika huabudu milima na mawe. Kwa Wachaga, jina Ruwa hutaja Mungu na hutaja jua. Kwa Wamasai, Enkai ni Mungu na tena ni mvua na mbingu. Jina lenyewe katika lugha yao lina alama ya jinsi ya kike, na wanamsema kuwa mweusi anapokuwa mpole, kwa kuwa wingu jeusi huleta majani, na mwekundu anapokasirika. Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano uliopo kaskazini mwa Tanzania na uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007, maana yake ni Mlima wa Mungu. Mlima ni wa Mungu. Haikusemwa kuwa mlima ndiye Mungu. Aliyeona tofauti hiyo hakuwa mjinga wa tashihisi, bali aliitumia huku akijua anafanya nini.

Wahenga wa pwani walilifupisha onyo hili kwa methali moja: Mungu si Athumani. Athumani ni mtu kama wewe. Ana rafiki zake na adui zake, ana haraka, ana wivu, na leo aweza kukupenda kesho akakuchukia. Usimpe Mungu tabia za Athumani. Binadamu hana ulimi mwingine wa kumsemea Mungu ila huu wa kibinadamu, kwa hiyo akimwita Baba, Mfalme au Mchungaji hatendi kosa. Hatari huanza pale mtu anapompa Mungu chuki zake mwenyewe, kisha akazirudia chuki hizo akidai kuwa amezipokea mbinguni. Hapo mtu amejinyenyekea mbele ya kioo. Tena ni kioo cha hatari, kwa kuwa anayepinga matakwa yake sasa anahesabiwa kuwa ampinga Mungu.

Tukitoka kwa miungu tukaja kwa wanyama, tunakuta hazina kubwa ya ngano. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja, na miongoni mwake imo hadithi ya punda wa dobi. Kima na papa walikuwa marafiki. Kila siku kima alimtupia papa matunda ya mkuyu ulioinamia bahari. Siku moja papa akamkaribisha rafikiye kwao, akampakia mgongoni, na walipokuwa katikati ya bahari akamweleza ukweli: sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kuwa kwa bahati mbaya moyo wake ameuacha mtini, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya kima wasafiripo. Papa akamrudisha pwani, kima akapanda juu ya mti, na urafiki ukaisha. Papa alipomwita tena, kima alimsimulia kisa cha punda aliyenusurika makucha ya simba, kisha akakubali kudanganywa mara ya pili na kurudi pale pale. Alipokwisha kuuawa ikasemwa kuwa hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingalirudi.

Hadithi hii imesafiri mbali. Huko Bara Hindi inasimuliwa katika mkusanyo wa kale uitwao Panchatantra, na mwenzake kima huko ni mamba. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa' alizitia ngano hizo katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na humo mnyama wa majini ni kasa. Ilipofika pwani yetu ikapata papa, na katika kisa cha ndani sungura akashika nafasi ya mbweha. Sungura naye alisafiri kwa njia ya huzuni zaidi: ngano za Waafrika waliouzwa utumwani zilivuka Atlantiki, na hadithi za sungura mjanja zilizosimuliwa na watumwa wa kusini mwa Marekani zikachapishwa na Joel Chandler Harris mwaka 1880.

Kwa nini ngano hizi zilipendwa na watu wa mataifa mengi kiasi hicho? Jibu mojawapo limo katika hadithi yenyewe. Tuutazame upya uamuzi wa papa. Hakumchukia kima, alikuwa na mfalme mgonjwa na rafiki mzima, na mtumishi wa mfalme akaamua kuwa uhai wa mkubwa una thamani kuliko uhai wa rafiki. Mtu akilisema jambo hilo waziwazi mbele ya sultani, huenda asilale kwake usiku huo. Lakini akisema, "Hapo kale palikuwa na kima na papa," sultani mwenyewe atakaa kitako asikilize, na wasikilizaji wengine watatazamana. Ngozi ya mnyama imekuwa kinyago, na nyuma ya kinyago hicho mnyonge anapata kusema asiloweza kulisema kwa uso wake.

Kazi hiyo ya kinyago haikuishia katika hadithi za kale. Kitabu cha George Orwell kinachosimulia mapinduzi ya wanyama yaliyogeuzwa kuwa udhalimu mpya kilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, na vizazi vya wanafunzi wetu vimewatambua nguruwe wale bila kuambiwa ni nani. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, aliandika gerezani mashairi yaliyotolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo linamsema mamba anayejiona hana wa kumweza. Ingekuwa kosa kulisoma shairi hilo kama somo la wanyama wa mtoni.

Mwalimu mmoja aweza kuuliza: je, sungura na kima hawawafundishi watoto uongo? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema kuwa ni hadithi tu. Ngano zenyewe zinatoa kipimo. Ujanja wa sungura hushangiliwa anapomshinda simba au tembo, maana hapo asiye na nguvu anajinusuru kwa akili. Sungura huyo huyo akimdanganya rafiki yake au kukwepa kazi ya kuchimba kisima cha wote, ngano humtia aibuni, na mara nyingi anayemwaibisha ni kobe, mnyama mpole na wa pole pole. Kima alimwongopea aliyekwisha kumwongopea na aliyekuwa akimpeleka kuuawa. Wasimuliaji walijua sana kuwa uongo wa anayekimbia kisu si sawa na uongo wa anayekinoa.

Lakini ngano nazo zimedhulumu, na aliyedhulumiwa wa kwanza ni mnyama mwenyewe. Fisi wa hadithi ni mlafi, mjinga na mwoga aishiye kwa makombo ya simba. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro na kutoa kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kuwa fisi madoa ni mwindaji hodari, kuwa sehemu kubwa ya chakula chake huiua mwenyewe, na kuwa huko Ngorongoro mara nyingi simba ndiye anayenyang'anya mawindo ya fisi. Jamii zao huongozwa na majike. Bundi naye ameitwa mjumbe wa mauti, akapigwa mawe, hali kila usiku hula panya waharibuo ghala la mkulima anayempiga.

Dhuluma hiyo ingeishia kwa fisi na bundi, pengine tungeistahimili. Haikuishia hapo. Katika sehemu mbalimbali za nchi, na hasa katika mikoa ya kusini ya Ziwa Victoria, iliaminiwa kuwa fisi wa usiku ana mwenyewe, kuwa wachawi humfuga na kumpanda. Fisi alipopewa nia ya kibinadamu, ilibidi atafutwe binadamu mwenye nia hiyo. Na aliyeonekana alikuwa bibi kizee wa jirani, mjane asiye na mtetezi, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupulizia moto wa kuni na samadi. Bibi wengi wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo. Watu wenye ualbino nao walisemwa kuwa hawafi bali hutoweka, kana kwamba ni pepo. Na kwa kuwa walihesabiwa kuwa si watu kama watu, walipatikana wauaji waliovitafuta viungo vyao. Hapa tunaona sheria ya kutisha. Utu aliopewa fisi umetoka kwa bibi kizee. Kilichoongezwa upande mmoja kimepunguzwa upande wa pili.

Tashihisi ina pacha wake, nalo ni tendo la kumvua mtu utu na kumvika unyama. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno kupe lilitumika nchini mwetu kumtaja anayeishi kwa jasho la wengine. Sitara ya neno hilo ilikuwa katika kulenga tendo: kunyonya ni jambo awezalo mtu kuliacha, naye akiliacha si kupe tena. Hata hivyo neno likishatoka kinywani halichagui litue wapi, na wapo waliotaka kulitupa juu ya watu kwa sababu ya rangi yao. Ndiyo maana mwezi ule ule wa Februari 1967 Mwalimu Nyerere aliandika gazetini kuonya kuwa ujamaa hauna uhusiano na ubaguzi wa rangi.

Jirani zetu wa Rwanda walikuja kuona mwisho wa njia hiyo. Neno inyenzi, yaani mende, lilikwisha kuzoeleka katika siasa za nchi hiyo miaka mingi kabla ya 1994. Mwaka huo, kuanzia Aprili hadi Julai, redio ililitangaza neno hilo juu ya Watutsi kwa jumla, na watu wapatao laki nane, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, waliuawa kwa muda wa siku mia moja. Mende hana kosa la kuacha. Kosa lake ni kuwa mende. Mtoto wake ni mende, na bibi yake ni mende. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wa redio na mhariri mwaka 2003, na kwa hukumu hiyo dunia ilikiri kuwa neno la kumgeuza mtu mdudu laweza kuwa sehemu ya silaha. Kila mwanafunzi anayejifunza tamathali za usemi astahili kujua hukumu hiyo ilitolewa, tena ilitolewa katika ardhi yetu.

Sasa tuje kwa vitu, ambavyo kwa kawaida tunadhani havina madhara. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha, ilhali kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Katika misiba ya namna hii husemwa kuwa ziwa limewameza. Msemo huu ni wa majonzi, na kinywani mwa mfiwa hauna lawama. Aliyepoteza mtoto ana haki ya kuliona ziwa likiwa na koo. Lakini maneno hayo hayo yakitoka kinywani mwa mwenye dhamana, maana yake hubadilika kabisa. Ziwa halikukata tiketi. Ziwa halikuhesabu abiria likafumba macho. Ziwa likisha kupewa kinywa, mtu aliyepakia kupita kiasi hujificha humo ndani ya kinywa hicho. Na kama ziwa halitoshi, huitwa "kazi ya Mungu", na Mungu hupewa kosa la mtu ambaye hakutimiza wajibu wake.

Katika maofisi yetu kinyago hiki huvaliwa kila siku ya kazi. Mwananchi aliyetoka mbali na faili lake huambiwa, "Mfumo umekataa." Mkulima anayeuliza kwa nini bei imeshuka huambiwa, "Soko limeamua." Mfumo hukataa, soko huamua, sheria hairuhusu, ofisi haina habari. Vitenzi vyote vya hiari vimekwisha kukabidhiwa vitu, na mtu aliyekaa nyuma ya meza amebaki bila kitenzi hata kimoja. Hapa tunaona kinyume cha ngano. Katika ngano mnyonge alivaa ngozi ya mnyama ili amfikie mwenye nguvu. Ofisini mwenye nguvu huvaa ngozi ya kitu ili mnyonge asimfikie.

Sheria yenyewe imejenga watu wa namna hii kwa makusudi. Tangu hukumu mashuhuri ya Salomon iliyotolewa Uingereza mwaka 1896, na ambayo nchi zetu ziliirithi, kampuni ni mtu mbali na wenye hisa zake. Yaweza kushtaki, kushtakiwa na kudaiwa. Jambo hilo limerahisisha biashara, lakini pia limewapa baadhi ya watu mahali pa kukimbilia madeni yanapoiva. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 Bunge la New Zealand liliutambua mto Whanganui kuwa mtu kisheria, ambao Wamaori wa huko humwona kuwa babu yao, na wakawekwa watu wawili wa kuusemea. Uganda nayo, katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 2019, iliitambua asili kuwa ina haki. Tofauti iko wazi. Mto ulipopewa utu, waliongezwa watu wa kuwajibika kwa ajili yake. Kampuni inapotumiwa vibaya, watu wa kuwajibika hupunguzwa.

Hata mashine zenye ufasaha zinaingia katika hesabu hii. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta huko Massachusetts, alieleza programu aliyoitunga, iitwayo ELIZA, ambayo kazi yake ilikuwa kumrudishia mtu maneno yake kwa namna ya maswali. Alistaajabu kuona kuwa katibu wake mwenyewe, aliyeijua kazi hiyo tangu mwanzo, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo kwa faragha. Leo programu zenye uwezo mkubwa zaidi hujibu kwa Kiswahili na kujiita "mimi". Bado twasema kompyuta imejibu, wala hatusemi amejibu. Kiambishi kile kidogo kingali kinalinda mpaka. Lakini hata siku tutakapokibadilisha, swali la kuuliza litakuwa lile lile lililofaa kuulizwa kuhusu fisi wa usiku na ziwa la Ukara: nyuma ya sauti hii yuko nani, na akikosea nani atajibu?

Basi walimu wanapofundisha tashihisi wasiridhike na mwanafunzi aliyeitambua katika ubeti na kuipigia mstari. Wamwulize maswali matatu. Kwanza, msemaji anajua kuwa amevika kinyago, au amekwisha kudhani kuwa kinyago ni uso? Pili, nyuma ya kinyago yuko mnyonge anayetafuta njia ya kusema, au mkubwa anayetafuta njia ya kunyamaza? Tatu, utu huu uliopewa kitu au mnyama umetoka wapi. Je, kuna mtu aliyepunguziwa wake? Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo, atamfurahia sungura kuliko kwanza, na atalikubali jicho la jahazi. Na siku atakapokaa yeye nyuma ya meza, akaja mzee na faili lake, itampasa achague kati ya kusema "mfumo umekataa" na kusema "mimi sijafanya; ngoja nifanye".